Yurub na Mkia wa Barua

Habari za Yurub nitazieleza mimi, kwa sababu wanaozieleza zaidi hapa Garissa ni wale ambao hawakuwepo. Pita hoteli yoyote karibu na soko, utamkuta mtu na kikombe chake cha chai anasema msichana wa kompyuta aliwaroga wanawake wa Tarbaj. Hakumroga mtu. Nilikuwepo, nimekaa mkeka mmoja na wale wanawake, na mgongo wangu mpaka leo unalikumbuka lile lori.

Naitwa Fatumo. Mimi ni katibu muhtasi wa kampuni inayonunua maziwa ya ngamia kwa wafugaji wa Wajir na kuyauza Garissa na Nairobi. Kiswahili nilikipata Malindi kwa shangazi yangu, ndiyo maana barua zote za Kiswahili za bosi huletwa kwangu nizinyooshe. Watu husema nina mdomo. Ninao, na umenilisha.

Yurub aliajiriwa kuangalia seva ya barua pepe. Mimi neno seva nilikuwa nalisikia tu kama jina la dawa. Akanieleza: kila barua tunayoandika, iwe kwa kompyuta ya ofisini au kwa simu ya mtu aliyeko mnadani, lazima ipite kwanza kwenye ile mashine ndipo itoke nje. "Ni geti, Habaryar," akaniambia. Habaryar kwa Kisomali ni mama mdogo. Hatuna undugu wa damu, lakini aliniita hivyo tangu siku ya kwanza na mimi sikumkataza.

Mashine yenyewe iko kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madebe, na hicho ndicho chumba pekee cha ofisi yetu chenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Mnaijua Garissa ya mwezi wa tatu. Saa sita mchana kila mtu anakumbuka kwamba ana shida ya kompyuta. Mhasibu anakuja, dereva anakuja, hata mfagiaji ambaye hana kompyuta anakuja. Yurub huwafukuza wote bila haya na kuwaambia pumzi zao zinaichosha seva. Mimi huniachia kiti kwa sababu naleta chai.

Amezaliwa Tarbaj. Mama yake alifariki akimzaa, na baba yake, Abdiwali, alikwenda Rhamu kulima vitunguu kando ya mto Daua, akaoa huko na kutulia. Mtoto akabaki kwa bibi yake, Weris, mama wa huyo Abdiwali. Bibi kwa Kisomali ni ayeeyo, na kwa Yurub hakuna mwingine duniani aliye juu ya Ayeeyo. Babu yake, Guhad, hakumwahi, ila alimjua kwa kusimuliwa. Guhad ndiye aliyekuwa akigawa zamu za kunywesha kisimani wakati wa kiangazi. Ni kazi ya kukutafutia maadui asubuhi na jioni, lakini Guhad akisema kesho ni zamu ya ngamia wa fulani, hata asiyempenda alikwenda kulala akiwa hana wasiwasi. Weris alimsimulia mjukuu wake habari hizo mpaka msichana akazijua kuliko masomo yake.

Na masomo alikuwa nayo. Alisoma bweni Wajir, ambako shule ilipewa kompyuta kuukuu zikajaa vumbi mpaka zikakataa kuwaka. Yurub alizifungua, akazipangusa kwa brashi ya viatu, mbili zikaamka. Mwalimu alimwambia wewe mambo yako ni haya, nenda chuo. Akaja chuo hapa Garissa, akamaliza, akaja kwetu. Hayo ndiyo maisha yake mpaka hapo, na hakuna uchawi ndani yake.

Sasa sikiliza jambo lenyewe.

Kiangazi kilichopita maziwa yalikuwa haba sana. Wachuuzi wa Wajir mjini walikuwa wanapandisha bei kila siku ili wayapate, na sisi tulikuwa tunapitwa. Bosi wetu, Abdimalik, akamtuma Yurub Tarbaj kwa sababu ni kwao. Yurub akakaa na wanawake wa kikundi cha maziwa, ambacho mwenyekiti wake ni Weris mwenyewe, akawaambia hivi: tupeni sisi haya machache ya kiangazi, na mvua ikinyesha, maziwa yakiwa mengi mpaka wanunuzi wengine wanakimbia, sisi tutachukua yote.

Mtu wa mjini hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mvua ikinyesha kule, kila ngamia ana maziwa na kila nyumba imejaa, na mchuuzi aliyekuwa anakubembeleza jana leo hapokei simu. Wanawake wale wamemwaga maziwa chini miaka yote. Mmoja wao, Ebla, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kugeuza kundi la mbuzi, alisema kampuni zote husema hivyo na zikiona mawingu zinasahau. Weris akamjibu kwamba huyu hakusema kama kampuni, amesema kama mjukuu wake, na yeye Weris anasimama nyuma yake. Wakakubali. Kiangazi chote wakatupa sisi maziwa yao, na wachuuzi wakiwacheka.

Kumbe huko Nairobi kuna mtu anatuandalia mkosi, na wala hakuwa na nia mbaya.

Wakili wa kampuni anaitwa Deeq, yuko Nairobi. Kijana mmoja wa mauzo alikuwa ameiandikia hoteli fulani barua pepe ya kujigamba, akaiahidi maziwa ambayo hata ngamia wake hawajazaliwa, na hoteli ikatugeuzia kibao, ikasema hiyo ni ahadi ya kampuni. Deeq akakasirika. Akatuma maneno ya kanusho, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, akaagiza kila barua inayotoka iyabebe mwishoni, isiachwe hata moja. Maneno yenyewe yalikuwa haya: ujumbe huu ni siri na ni wa aliyeandikiwa peke yake, kama si wewe, ufute na usimwambie mtu, yaliyomo ni maoni ya aliyeandika wala hayaifungi kampuni.

Kazi ikampata Yurub. Hakuna mtu anayeweza kukumbuka kubandika maneno hayo kila mara, kwa hiyo aliiwekea seva amri, ikawa inayabandika yenyewe. Wewe unaandika salamu na habari zako, unatuma, barua ikifika getini inaongezewa kipande chake. Ofisini tukakiita mkia. Siku mbili tatu tulikuwa tunatumiana barua za upuuzi kwenye anwani zetu za nje ili tuuone mkia, halafu tukauzoea. Ukishauzoea huuoni tena. Hakuna mtu wa ofisi ninayemjua aliyewahi kuusoma mara ya pili.

Kuna kitu ambacho hatukukiona pia. Seva ilikuwa inabandika mkia bila kuangalia kama upo tayari. Mkijibizana na mtu, kila jibu linatoka na mkia mpya, na ile mikia ya zamani iko chini yake, mmoja baada ya mwingine. Barua ya mistari minne inaburuta mikia ya ukurasa mzima.

Mvua ikanyesha. Tena ilinyesha vizuri, na Abdimalik akafurahi, akaandika barua kwenda Tarbaj kuthibitisha lile neno la Yurub: maziwa yote yatachukuliwa, lori litakuja kila asubuhi, Mungu akipenda. Barua akaipokea Alio, kijana anayesimamia mtambo wa kupozea maziwa kule, ambaye wamekuwa wakiandikiana naye juu ya mabomba na mafuta ya jenereta. Alio barua pepe huiita barua bebe, na mimi simcheki, maana Kisomali changu na yeye hukivumilia.

Siku mbili baadaye lori likarudi tupu.

Dereva wetu, Shirwa, aliingia ofisini amekunja uso, akasema hakupewa hata kikombe cha kunywa. Wanawake walikuwa wamesimama na vyombo vyao vimejaa, wakamtazama, wakamwambia ageuze gari. Na kwamba keshokutwa wanakaa kikao cha kumwondoa Weris uenyekiti.

Yurub akampigia Alio palepale mezani kwangu, akaweka sauti kubwa. Alio akasema bila kusitasita kwamba aliwasomea barua.

"Uliwasomea nini?" akamuuliza.

"Yote," Alio akasema. "Kutoka juu mpaka chini. Ningeacha vipi?"

Hapo nikaelewa kabla ya Yurub, maana mimi ni mkubwa kwake na wazee nimewasikia. Kule, ukipewa ujumbe wa watu umepewa amana. Mtu hutembea siku nzima na maneno ya mwenzake kichwani na kuyafikisha kama alivyopewa, hata kama yamo matusi, hata kama yeye mwenyewe hayapendi. Anayekata ujumbe amekula amana, na hapewi tena. Sasa Alio amesimama mbele ya kina mama na barua ya kampuni, ataachaje kipande? Akawageuzia yote kwa Kisomali, neno kwa neno. Akasoma kwamba maziwa yote yatachukuliwa. Kisha akasoma kwamba hayo ni siri, na ambaye hakuandikiwa asiyasikie, na umati wote umekaa unasikiliza. Kisha akasoma kwamba maneno hayo hayaifungi kampuni. Akafika kwenye mkia wa pili, akausoma. Wa tatu, akausoma. Alisoma mikia yote mpaka sauti ikamkauka, na kila mkia wanawake wakasikia kampuni inaruka neno lake upya.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikamwona Yurub uso wake, nikanyamaza. Midomo ilikuwa imempauka. Alisema, "Habaryar, nimemfanya Ayeeyo mwongo mbele ya watu."

Kikao cha ofisi kikaitwa wakati huohuo. Deeq alikuwa kwenye simu kutoka Nairobi, Abdimalik kwenye kiti chake, mimi naandika. Deeq akasema kila kampuni yenye akili ina maneno hayo chini ya barua zake na hakuna anayeyasoma. Nikamwambia Tarbaj wanayasoma. Akasema basi wapigiwe simu waambiwe wayapuuze. Abdimalik akaona ni rahisi, akampigia Weris yeye mwenyewe. Namba ya Weris iko kwa mjukuu, mjukuu akasalimia kwanza na kumkabidhi bosi simu.

Abdimalik anazungumza vizuri sana akitaka. Akaeleza kwamba yale maneno ya mwisho si yake yeye, hakuyaandika yeye.

"Nani kayaandika?" Weris akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini tu.

"Ni mashine, Ayeeyo. Inaandika yenyewe."

"Mashine ni binti wa nani?"

Bosi akamtazama Yurub.

"Na kampuni ni mtoto wa nani?" Weris akaendelea. "Neno likivunjwa, nitakwenda kwa baba wa nani kumwambia mwanao amenivunjia? Mimi nilipokea neno la mtu. Nyinyi mmeniletea neno lisilo na baba. Sitaki kusema na simu." Ikakatika.

Abdimalik akaiweka simu mezani na kusema mwanamke huyu ni mkaidi. Mimi nikasema ana haki, na nikamwambia anifukuze kazi au aniache, lakini ana haki. Yurub alikuwa anakwaruza meza yangu kwa kucha, tabia ambayo siipendi. Kisha akasema, "Bosi, mkia nina uwezo nao. Naweza kuuondoa. Lakini nikiuondoa wataona tumeficha. Nataka kuubadilisha."

Akaeleza. Seva ina orodha ya wafanyakazi wote, majina yao na vyeo vyao. Mkia si lazima uwe maneno yaleyale kwa kila mtu. Seva inaweza kuchukua jina la aliyeandika kutoka kwenye orodha na kulitia yenyewe. Barua za mahoteli ya Nairobi zibaki na mkia wa wakili, mara moja tu, usirudiwe. Barua za wafugaji ziwe na mkia mwingine: neno hili limetolewa na fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani, na likivunjwa aulizwe yeye. Jina mpaka babu. Tuishie hapo kwa babu, akasema, tukipanda zaidi tutaingia kwenye koo na hatutatoka leo.

Deeq kwenye simu akasema hiyo ni kujifunga kamba shingoni. Yurub akamjibu kwa adabu, "Abti, ndicho wanachotaka, waone kamba iko shingoni mwa nani." Abti ni mjomba. Ukiitwa abti na msichana anayekupinga, unakosa pa kushika.

Lakini aliyepaswa kukubali alikuwa Abdimalik, na Abdimalik aliogopa. Nasema wazi, nilimwona. Si maziwa aliyoyaogopa. Maziwa tungeyapatia soko. Aliogopa jina la baba yake kutoka getini kila siku, kwenye kila barua, hata ile aliyoiandika akiwa na hasira au na usingizi. Akauliza, "Na siku nikitaka kuandika bila hilo jina?"

"Hutaweza," Yurub akasema. "Ndiyo maana ya geti. Ukiandika kwa simu ukiwa Makka, barua itatoka nalo. Nikiwapa wao neno ambalo wewe unaweza kulivua, nimewadanganya mara ya pili."

Abdimalik akaondoka kwenye kiti, akatazama dirishani kama kuna kitu nje. Nje hakukuwa na kitu ila punda wa maji. Kisha akageuka, akasema baba yake ni Bulle na babu yake ni Dakane, na jina la Dakane liandikwe kwa herufi kubwa.

Yurub aliingia chumbani kwake na kufunga mlango. Wale wa kutafuta baridi siku hiyo walikaa na joto lao. Nikampelekea chai, nikamkuta anajiandikia barua na kuzisoma, anafuta, anaandika tena. Kwanza seva ilimtia kila mtu jina la babu wa mhasibu, mpaka nikaona barua yangu mwenyewe ya kuagiza karatasi na wino inasema mimi ni wa ukoo ambao nusura unioe kwa nguvu mwaka mmoja. Akarekebisha. Kisha akaifundisha seva kuangalia kama mkia upo tayari kabla ya kuubandika mwingine. Habari zikaenea ofisini, watu wakapanga mstari kwangu kuhakikisha babu zao wameandikwa vizuri. Shirwa dereva, ambaye hajawahi kuandika barua pepe maishani, alidai naye atiwe kwenye orodha. Alitiwa.

Asubuhi yake tukaondoka na lori, Yurub na mimi na Shirwa. Njia sitaisimulia, imelowa na ni mbaya, usiku tulilala njiani. Tulipofika Tarbaj kikao kilikuwa kimeshaanza, wanawake wamekaa kwenye kivuli cha mtambo wa kupozea, madumu ya maziwa yamepangwa pembeni. Weris alikuwa amekaa peke yake upande mmoja. Nilipoona ule upande mtupu pembeni yake nikaenda nikakaa hapo, sikuulizwa.

Yurub alimsalimia bibi yake, akaitikiwa salamu tu. Akampa Alio ishara. Barua mpya ya bosi ilikuwa imekwishaingia kwenye simu ya Alio, naye akasimama, akasoma kwa Kisomali kutoka juu. Maziwa yote. Mvua yote. Lori kila asubuhi. Halafu akafika mwisho, na nikaona wanawake wanakaza macho, wanangoja kampuni iruke tena. Alio akasoma: neno hili limetolewa na Abdimalik mwana wa Bulle mwana wa Dakane, na likivunjwa aulizwe yeye.

Kukawa na minong'ono. Mwanamke mmoja akasema Dakane huyo alikuwa akileta ng'ombe mnada wa Wajir, watu wake wanajulikana. Ebla akasimama.

"Leo ameandika jina," akasema. "Mvua ikizidi ataandika bila jina. Mkono ni wake."

"Mkono ni wake, jina si lake kuliacha," Yurub akasema. "Haliandiki yeye. Ile mashine iliyowatukana nyinyi ndiyo inayolitia, na inalitia kila mara, akipenda asipende. Mimi ndiye niliyeifunga hivyo."

"Tutajuaje?"

"Nipeni mtu aseme neno lolote. Nitaliandika sasa hivi, hapa mbele yenu."

Weris akainua uso kwa mara ya kwanza. "Sema lile uliloniambia kiangazi," akasema. "Lilelile. Nataka kusikia kama lina baba."

Yurub akatoa simu, akaandika, na akamgeuzia Ebla aione. Ebla hajui kusoma lakini anajua kuhesabu mistari, na uliokuwepo ni mstari mmoja tu, jina hakuna. Yurub akabonyeza. Basi tukangoja. Mtandao wa Tarbaj nao una siku zake. Barua ilikuwa inakwenda Garissa, ipite geti, irudi kwa Alio aliyesimama karibu kiasi cha kumgusa. Jua lilikuwa linasogea kwenye madumu. Mtu akakohoa. Nilisoma dua zote ninazozijua, na moja nikaisoma mara mbili. Yurub alikuwa ameibana simu kwa mikono yote na hakumtazama mtu.

Simu ya Alio ikalia.

Akasoma. "Maziwa yote ya mvua tutayachukua." Akashuka mstari. "Neno hili limetolewa na Yurub binti Abdiwali mwana wa Guhad, na likivunjwa aulizwe yeye."

Wale waliomjua Guhad wakamtazama Weris. Alikuwa hajasikia jina la mume wake likitajwa mbele ya watu, kwa kuahidi jambo, tangu siku walipomzika.

"Alio," akasema. "Hapo mwisho. Rudia."

Alio akarudia.

Weris akaweka mkono wake begani kwangu, akainuka, akaenda kwenye dumu lake. Ni zito, lakini alipoona Yurub anataka kumsaidia alimzuia kwa kiwiko. Akalibeba mwenyewe mpaka kwenye tangi la lori, akalimimina lote, na akalitikisa mpaka tone la mwisho. Kisha akamshika mjukuu wake kichwa kwa mikono yake miwili na kumbusu kwenye paji la uso mbele ya kikundi kizima. Yurub akalia bila kujificha, na mimi nikamfuata, nina nini cha kuficha. Ebla ndiye aliyekuja wa pili na dumu lake. Baada yake walisukumana.

Uenyekiti haukutajwa tena. Lori lilirudi Garissa limejaa, na mvua yote ile halikurudi tupu hata siku moja. Ilipofika wakati maziwa yalikuwa mengi kuliko tunayoweza kuuza, Abdimalik alitaka kusitasita, nilimwona akianza barua ya kuomba radhi kwenda Tarbaj. Aliandika, akafika mwisho, akakumbuka kitakachotokea getini. Akaifuta. Akapiga simu Nairobi mpaka akapata wa kutengeneza unga wa maziwa, na yakachukuliwa yote. Deeq amekuja hapa mwezi uliopita na kumuuliza Yurub polepole, akidhani sisikii, kama jina la babu yake yeye lipo kwenye ile orodha.

Nasi tumezoea mkia mpya kama tulivyouzoea wa kwanza, isipokuwa huu tunausoma. Tarbaj ndiyo wametuzidi. Alio anasema akisimama sasa na barua, wanawake hawamruhusu kuanza juu. Wanamwambia aanze chini, wasikie kwanza ni mwana wa nani, na wakishalisikia jina wanakaa vizuri na kumwambia, haya, soma mengine.